Vaileti: Ua la msitu wetu linalopenda nyumba isiyo na jua

KUNA nyumba za kupanga hapa Nairobi ambazo jua hulisikia tu likitajwa. Yangu ni mojawapo. Iko ghorofa ya pili, imetazamana na jumba jingine refu, na nafasi iliyoachwa katikati ni ndogo kiasi kwamba ukinyoosha mkono karibu umwazime jirani chumvi. Roshani yake hupata jua kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha basi.

Kwa miaka mitatu nilijaribu kuigeuza roshani hiyo bustani. Nilinunua waridi kwa wauza miche wa kando ya barabara; likarefuka kama mlingoti, likapukutisha majani, likafa. Nikaleta jerania, nazo zikanyong'onyea. Mume wangu alianza kunitania kwamba sikuwa na bustani bali makaburi, na kwamba kilichobaki ni kuweka misalaba.

Nilikuwa nimekata tamaa siku niliposhuka kwa mama mmoja mzee anayekaa ghorofa ya chini, ambako giza ni zaidi ya kwangu. Nilimwamkia "Shikamoo, mama", akaitikia "Marahaba, mwanangu", na kabla sijasema kilichonipeleka macho yangu yakagota dirishani pa jikoni. Palikuwa na mikebe saba ya siagi, na kila mkebe ulikuwa umejaa maua: ya zambarau, meupe, ya waridi, yote yakiwa na vitone vya manjano katikati kama viini vya mayai.

Yalikuwa yale maua ambayo wauza miche wetu huyaita vaileti. Bila shaka umeyaona, mpenzi msomaji. Ni mmea mfupi, majani yake ni ya mviringo na yana manyoya laini kama mashavu ya kitoto, nayo hujipanga duara kama sahani. Maua huchomoza katikati kwenye vishina vyembamba.

Mama yule alichuma jani moja pamoja na kikonyo chake, akalifunga katika kipande cha gazeti kilicholowa maji, akaniambia nikalichomeke mchangani. Jani tupu, halina mzizi wala mbegu! Nilidhani ananifanyia mzaha. Kisha akaongeza neno lililonifanya nicheke hadharani: kwamba ndugu zake ua hili huota kwao, huko Kilifi, kwenye majabali waliyokuwa wakipita karibu nayo utotoni wakienda kutafuta kuni.

Niliona aibu baadaye kwa kile kicheko. Mimi vaileti niliihesabu ua la Wazungu, kwa sababu kila nilipoiona dukani ilikuwa na kibandiko cha Kiingereza na bei ya Kizungu. Nilipokwenda kusoma, niligundua kwamba mzee hakukosea hata kidogo.

KUTOKA TANGA HADI HANNOVER

Vaileti ni mwenyeji wa Afrika Mashariki, na kwao ni Kenya na Tanzania pekee. Hakuna pahali pengine duniani ambapo huota yenyewe msituni. Maskani yake ni safu za milima mikongwe ya Tanzania kama vile Usambara, Nguru na Uluguru, misitu ya mwambao, na hapa kwetu ni Kilifi na milima ya Taita. Ndiyo sababu Wajerumani mpaka leo hulitaja ua hili kwa jina la Usambara.

Wa kwanza kuyapeleka Ulaya majani yake makavu alikuwa Sir John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja, mwaka 1884. Miaka mitatu baadaye, 1887, kasisi W. E. Taylor wa wamishonari wa CMS alikusanya mimea ya jamii hiyo hiyo hapa kwetu, akaandika kwamba aliitoa Giriama na milima ya Shimba.

Wanafunzi wa fasihi watakuwa wameshtuka kidogo kwa jina hilo. Ndiyo, ni yule yule Taylor aliyeishi Mombasa na kuyakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, mashairi ambayo yalichapishwa mwaka 1940 kwa jina la Diwani ya Muyaka. Aliyaokoa mashairi, lakini ua lilimponyoka. Mimea aliyoituma, kama ile ya Kirk, haikutosha kwa wataalamu kuitambua na kuipa jina, ikabaki kabatini.

Bahati ikamwangukia Mjerumani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, aliliona ua hili, akapeleka mbegu kwa babake aliyekuwa mpenzi wa bustani huko Silesia, sehemu ambayo leo iko Poland. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland akalitangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha: neno la kwanza kwa heshima ya ukoo wa Saint Paul, la pili likiwa na maana ya ua linalofanana na vaileti ya Ulaya.

La ajabu ni kwamba huyu naye alikuwa mtu wa Kiswahili. Alikuwa ametoa kitabu cha kuwafundisha Wajerumani lugha yetu mwaka 1890. Kwa hivyo watu wawili waliohangaika na Kiswahili walipita mbele ya ua moja, mmoja akatoka na jina lake likiwa limebandikwa juu yake kwa zaidi ya karne nzima. Wenyeji waliokuwa wakilipita kila siku hakuna aliyewauliza wao huliitaje.

Kutoka Ujerumani safari iliendelea. Kampuni moja ya Los Angeles, Marekani, iitwayo Armacost & Royston, iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikapanda, ikachagua, na mwaka 1927 ikatoa aina kumi ambazo ndizo mama wa maelfu ya vaileti za madukani leo. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili nchini humo waliunda chama chao, ambacho kingali hai.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Hili limetuzwa ugenini, likarudi nyumbani kama mgeni, nasi tukalinunua.

Nitaje hapa, kwa faida ya wanafunzi wa bayolojia, kwamba mwaka 2015 wataalamu waliochunguza nasaba ya mimea hii waliliondoa jina la Saintpaulia kama jenasi, wakaiingiza yote katika jenasi ya Streptocarpus. Neno hilo maana yake ni tunda lililosokotwa. Tunda la vaileti, kama ukilichunguza, halikusokotwa hata chembe! Lakini nasaba ni nasaba.

JABALI NDILO MWALIMU

Aina za porini zilizotajwa kutoka Kenya ni mbili. Moja ni ya Mbololo, milima ya Taita, ambayo mtaalamu B. L. Burtt wa bustani ya mimea ya Edinburgh aliitangaza mwaka 1958 kwa jina la teitensis. Ya pili ni ya majabali ya chokaa ya Kilifi, sehemu za Kaloleni, Mwarakaya na Chasimba. Burtt aliiita rupicola mwaka 1964, yaani mkaa mwambani, na siku hizi huhesabiwa kuwa tawi la aina ile ile ya Tanga.

Mwaka jana nilipokuwa na safari ya Kilifi nilimwomba mwenyeji wetu anipeleke nilione ua hili kwao. Sitalitaja jabali lenyewe, na sababu yake nitaieleza. Ni mwamba wa kijivu uliojaa nyufa, mrefu kuliko nyumba, umezingirwa na miti. Ukiingia chini ya miti hiyo kutoka kwenye joto la njiani ni kama umefungua mlango wa mtungi. Hewa ni ya ubaridi, ina unyevu, na jua hufika chini kama vipande vidogo vya sarafu.

Upande wa kivuli ulikuwa na vaileti. Hazikuwa chini ardhini. Zilikuwa zimejishika ukutani mwa mwamba, katika nyufa zilizo na kiganja kimoja tu cha majani yaliyooza, pembeni mwa mimea midogo ya kijani iliyotandaza zulia juu ya jiwe. Maua yake yalikuwa madogo kuliko ya dukani, petali tano tu, rangi ya samawati iliyochanganyika na zambarau hafifu. Sikuweza kusema neno kwa dakika kadhaa. Mwenyeji wangu alidhani nimepatwa na kizunguzungu cha joto.

Nilisimama pale nikaelewa ni kwa nini zangu za kwanza zilikufa. Kwa maana lile jani la mama mzee halikuwa mwisho wa msiba. Lilichipuka, nikafurahi, nikanunua na nyingine mbili, na zote tatu nikaziua kwa mikono yangu mwenyewe.

Ya kwanza niliipa sufuria kubwa la udongo mwekundu wa Nairobi uliojaa pomoni. Kwenye jabali mizizi haina hata kina cha kidole. Katika sufuria ile ilizama, udongo ukashikamana kama matofali, maji yakatuama, ikaoza. Ya pili niliimwagia maji ya mfereji asubuhi ya baridi, juu ya majani na katikati kwenye kitovu. Kwenye jabali mmea umekaa ubavuni, kwa hiyo mvua ikinyesha maji huteremka yakaenda zake. Katika mkebe uliosimama wima hutulia kitovuni na kuleta uozo. Ya tatu niliichotea kijiko cha mbolea ya mahindi. Hiyo haikumaliza wiki.

Kila kosa nililofanya, jabali lingenionya kama ningelijua mapema.

MKEBE, MAJI NA MWANGA

Basi anza na mkebe mdogo. Kipimo kinachofaa ni mkebe ambao upana wake ni kama theluthi moja ya upana wa mmea wenyewe. Kwa vaileti ya kawaida sentimita 10 hutosha kabisa. Mkebe wa siagi ni mzuri mno, bora uutoboe matundu chini.

Udongo usiwe udongo, kama nitaeleweka. Chukua sehemu moja ya mboji ya majani yaliyooza na kuchujwa, sehemu moja ya mchanga mkubwa uliooshwa, na sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyosagwa ambayo wauza miche wengi huwa nayo. Ukiufumbata mkononi kisha ukaufumbua, uachane wenyewe. Ukibaki donge, ongeza mchanga.

Kuhusu maji, mnyweshe kutoka chini. Weka mkebe katika kisahani chenye maji kwa nusu saa, kisha umwage yaliyobaki. Subiri mpaka juu pakauke unapogusa kwa kidole ndipo urudie. Nyumbani kwangu hiyo ni mara moja au mbili kwa wiki. Maji yasiwe ya baridi. Maji baridi yakigusa jani lenye joto huacha madoa ya rangi ya maziwa yasiyofutika, nayo si ugonjwa wala uchawi. Ukikinga maji ya mvua ni bora zaidi, kwa kuwa maji ya visima katika sehemu nyingi za jiji yana chumvichumvi ambazo huganda kwenye ukingo wa mkebe na kuozesha vikonyo vinavyougusa.

Mwanga ndio wenye ujuzi. Watu husikia kwamba ua hili hupenda kivuli, wakalitia kabatini. Kivuli cha msituni si giza! Inua kiganja chako juu ya mmea saa sita za mchana. Ukiona kivuli cha mkono ambacho ni hafifu lakini chaonekana, hapo ndipo pake. Kikiwa na kingo kali, jua ni jingi. Kisipoonekana, sogeza dirishani.

Mmea wenyewe pia husema. Majani yakisimama wima na vikonyo kurefuka, unalilia mwanga. Majani yakijikunyata katikati, yakawa ya manjano na magumu, unaungua. Na kama una majani ya kupendeza kwa miezi mingi lakini huna hata ua moja, aghalabu shida ni mwanga uliopungua, wala usikimbilie mbolea.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya haviwezi kutufundisha. Sisi tunakaa karibu na ikweta. Dirisha lako likitazama kaskazini, jua litaingia mwezi Juni na Julai. Likitazama kusini, litaingia Desemba na Januari. Kwa hiyo mkebe uliokaa salama miezi mitano waweza kuungua ghafla bila wewe kuusogeza. Nilipolielewa hili nilianza kuhamisha mikebe yangu kati ya jikoni na sebule mara mbili kwa mwaka, kama wafugaji wanavyohamisha mifugo. Faida yetu nayo ni kubwa: mchana wetu ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hivyo vaileti iliyotulia huweza kutoa maua katika kila mwezi, ilhali wenzetu wa Ulaya huwasha taa za stima majira ya baridi ili kuidanganya.

Baridi ya hapa jijini ina hatari yake. Vaileti hustarehe kati ya nyuzi 18 na 24, na zikishuka chini ya 10 huanza kuumia. Usiku wa Julai, uondoe mkebe kwenye kioo cha dirisha uuweke mezani. Walio Mombasa taabu yao ni kinyume chake: watafute pembe yenye hewa inayopita, mbali na ukuta unaochomwa na jua la alasiri.

Mbolea iwe ya maji, na iwe robo tu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Wadudu wakubwa wa ua hili ni wale weupe wanaofanana na vipande vya pamba, hujificha mashinani mwa majani. Wafute kwa pamba iliyochovywa katika spiriti, na mkebe wenye wadudu uutenge, kwani huambukiza. Kina mama wenye watoto wanaotambaa nao wasiwe na hofu. Mmea huu hauna sumu mtoto akiutafuna, ingawa manyoya yake hayana utamu wowote.

JANI MOJA, MICHE MINNE

Sasa turudi kwa jani la mama mzee. Chagua jani lililokomaa la safu ya katikati. Ya nje kabisa yamezeeka na ya ndani ni machanga. Kata kikonyo kwa wembe safi, mshazari, ukibakisha kama sentimita tatu. Kichomeke katika mchanga uliochanganywa na mboji, uwe na unyevu bila kulowa. Funika kwa mfuko mwangavu wa plastiki uliopulizwa ukatuna, kisha weka penye mwanga usio na jua.

Baada ya majuma matatu au manne, ukilivuta jani kidogo utalihisi limeshika. Miezi miwili au zaidi itapita kabla ya masikio madogo ya kijani kuchomoza mashinani. Hapa ndipo wengi hukosa subira na kulitupa. Jani moja huweza kutoa miche mitatu, minne au zaidi. Ikifikia ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, itenganishe, kila mmoja na mkebe wake. Ua la kwanza utaliona katika muda wa miezi sita hadi tisa tangu siku ya kuchomeka.

Aliye na kiwanja halisi chenye kivuli, kwa mfano chini ya mparachichi, anaweza kuiga jabali. Panga mawe yenye vinyweleo, jaza nyufa kwa mboji ya majani, upachike miche midogo ubavuni, ikilala kidogo ili maji yasituame. Konokono watakuja usiku, waokote. Nimeona bustani kama hiyo mtaani mmoja wa Nairobi ikistawi, japo mwezi wa Julai ilisimama kukua kabisa. Limuru sishauri.

Na kama kuvizia nyufa ni kazi ngumu kwako, liko ua jingine la kivulini la kwetu, lile la petali bapa nyekundu, waridi au nyeupe ambalo tumba zake za mbegu hupasuka na kurukia watoto wakizibonyeza. Hilo nalo ni mzaliwa wa Afrika Mashariki, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Linajulikana kama Impatiens walleriana, kwa kumbukumbu ya mmishonari Horace Waller, na huota hata kwa kipande cha shina kilichotupwa matopeni.

KIVULI KINAPOONDOKA

Nilisema nitaeleza ni kwa nini sikulitaja jina la lile jabali. Upande wake wa magharibi miti ilikuwa imekatwa. Sijui ilikatwa lini, lakini visiki vilikuwa bado na utomvu. Mwamba ulikuwa mtupu, umekauka, na ukiugusa unachoma kama bati. Kwenye nyufa niliona viduara vya majani ya kahawia, makavu kama tumbaku. Hakuna aliyezing'oa vaileti hizo. Kilichoondolewa ni kivuli tu.

Hilo ndilo tatizo lake. Mmea huu hautembei; mbegu zake ni vumbi, na jabali jingine lenye kivuli laweza kuwa mbali. Mawe ya chokaa nayo ndiyo mali ghafi ya saruji na chokaa, na kila nyumba ya jiji, pamoja na hii yangu isiyo na jua, imekula sehemu yake. Mbololo kwenyewe msitu uliobaki ni kama hekta 200 tu, na humo humo ndimo pia wanamoishi ndege adimu. Aina zote mbili za vaileti za Kenya zimo katika hatari ya kutoweka porini.

Waswahili husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mbele ya jabali hili rafiki anaweza kuwa adui bila kujua. Mtu akisoma makala kama haya akaenda na kisu akachimba mche mmoja wa kumbukumbu, na mwingine akafuata, upande ule wa kivuli utakwisha kabla ya miti kukatwa. Isitoshe, mche uliozoea mwamba hauishi muda mrefu mkebeni Nairobi. Ya dukani inatosha, na ya jirani inatosha zaidi, kwa sababu jani moja halimpunguzii kitu.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 69, inalitaka taifa kulinda rasilmali za kijenetiki na uanuwai wa viumbe. Nilipoisoma sentensi hiyo nilifikiria maelfu ya mikebe ya vaileti inayouzwa Ulaya na Marekani, na mwamba ule uliokauka. Mwaka 1892 hakukuwa na mkataba wowote wa kumuuliza Saint Paul mbegu anazipeleka wapi. Sioni kama kuna wa kumdai leo. Lakini kwa maoni yangu, shule zilizo karibu na majabali hayo zingepewa vitalu vidogo vya kuotesha ua hili kwa majani na mbegu, wanafunzi wakauza miche barabarani kwa watalii waendao Malindi, mwenye jabali angekuwa na sababu ya kuuacha mti usimame. Mtu mwenye njaa hawezi kulinda ua kwa uzuri wake tu.

Mama mzee nilipomrudishia habari za safari aliuliza jambo moja, kama ule msitu bado upo. Nikamwambia upande mmoja upo. Akanyamaza, akaendelea kuchambua sukuma wiki.

Siku hizi mikebe yangu imefika kumi na mmoja, na mume wangu ameacha kutaja makaburi. Binti yangu, aliye darasa la tano, amegundua mchezo wake. Ua la vaileti halina asali ya kumpa nyuki. Humlipa kwa chavua iliyo katika vile vifuko viwili vya manjano. Pembeni mwake kuna uzi mwembamba, na katika maua mengine uzi huo huinamia kushoto, mengine kulia, kama mtu na kioo chake. Jumapili iliyopita, akiwa na kioo cha kukuzia alichoazima shuleni, alihesabu maua kumi na matatu katika mkebe wa dirisha la jikoni: saba kushoto, sita kulia. Amesema anangoja tumba moja iliyobaki ifunguke aone kama zitalingana.